Tope la majitaka shambani: sampuli inaandaliwaje kabla ya kupimwa?

Tope la majitaka likishakaushwa huonekana kama udongo mweusi wa kawaida. Halinuki sana, linashikika, na lina naitrojeni na fosforasi. Kwa mkulima wa Nyololo wilayani Mufindi anayepiga hesabu ya mfuko wa mbolea ya dukani, ni kishawishi kikubwa.

Shida ni mayai ya minyoo, hayaonekani kwa macho. Yai la askaris linaweza kukaa hai ardhini miezi, hata miaka. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2006 unataka kila gramu ya tope kavu iwe na yai chini ya 1 na bakteria wa E. coli chini ya 1,000.

Kujua hilo kunahitaji maabara. Na maabara inapima kile tu ilicholetewa.

Sampuli huchotwa sehemu nyingi za rundo, kisha huchanganywa. Juu jua limeshachoma, ila ndani bado kuna unyevu na vijidudu. Anayechota juu tu anajitafutia majibu mazuri. Chupa iwe imetakaswa, glavu ziwe mkononi, na juu ya chupa ibaki nafasi, maana tope hutoa gesi.

Halafu deli lenye barafu: chini ya nyuzi joto 10, lakini isigande. Kwenye joto bakteria huzaliana au hufa, na namba inabadilika njiani. Kutoka Nyololo hadi Iringa mjini kuna safari ya barabara kuu yenye malori mengi, hivyo bora kuchota asubuhi na kufikisha siku hiyo hiyo.

Maabara, kwa upimaji wa bakteria, hupima gramu 30 za tope, huongeza mililita 270 za maji yaliyotakaswa, kisha husaga kwa blenda dakika moja au mbili. (Blenda hiyo hairudi jikoni.) Bila kusaga, bakteria hubaki wamejificha ndani ya mabonge. Tope lililotiwa chokaa hupunguzwa ukali wake kwanza, pH ifike 7 hadi 7.5, la sivyo chokaa huendelea kuua bakteria na majibu yanapendeza bure.

Sasa ishu inayowapita wengi: maji. Sehemu nyingine ya tope hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi 105 ili kujua kilicho kikavu ni kiasi gani. Tuseme maabara imekuta bakteria 400 kwa gramu ya tope bichi. Inaonekana salama, si ndiyo? Lakini kama asilimia 20 tu ya tope hilo ndiyo kavu, 400 gawanya kwa 0.2 ni 2,000. Limefeli mara mbili ya kiwango.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya majibu, tafuta maneno "uzito mkavu". Yasipokuwepo, uliza kabla hujapakia tope kwenye gari.