Mapitio ya Mtaala wa Fasihi: Je, Tutaendelea Kwenda Uwandani?

Kama muhula uliopita ulipita kwenye korido ya Idara yetu ukakuta viti vimetolewa nje, chupa za chai zimepangwa mezani na wahadhiri wamevaa tai siku ya Jumanne, usidhani palikuwa na harusi. Yalikuwa mapitio ya mtaala.

Muhula ule ulikuwa na shughuli nyingi. Palikuwa na mhadhara wa wazi juu ya tafsiri, na ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi, kwa sababu mada ilihusu Peponi, yaani riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022. Palikuwa pia na usiku wa mashairi, ulioanza saa mbili badala ya saa kumi na mbili, na waliozoea hawakushangaa. Hayo nayaacha. Nataka kueleza lile jambo la viti na chai, maana naona wengi wetu tulilipita kama halituhusu, kumbe ndilo lililotuhusu kuliko yote.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa darasa siku ambayo sikuwapo darasani, na mtu asiyekuwapo hana wa kumtetea. Basi nikajikuta nimekaa kwenye mkutano wa wadau, mkononi nina kabrasha la kurasa zaidi ya sitini.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Programu ya shahada haidumu milele. Kila baada ya miaka kadhaa Idara hulazimika kuitazama upya. Huanza kwa kuwauliza wahitimu wako wapi na wanafanya kazi gani, kisha waajiri huulizwa wanawaonaje hao wahitimu. Hapo hufuata mkutano wa wadau, ambao ndio ule wa chai. Yakitoka hapo mapendekezo huenda kikao cha Idara, halafu Bodi ya Kitivo, halafu Seneti. Yakishapita Seneti hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ile TCU iliyoanza kazi mwaka 2005, na Tume ikiridhika, programu hupata ithibati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuja na begi lake hukuta kila kitu kimekwisha amuliwa. Anadhani kozi zilishuka pamoja na majengo.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye mgogoro. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza haiwi chini ya krediti 360. Kwa programu ya miaka mitatu hiyo ni krediti 120 kwa mwaka. Chukua kozi ya krediti 12: ni saa 120. Ukihudhuria mihadhara na semina saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, umetumia saa 45. Zinabaki 75. Katika hizo 75 usome riwaya, uandike insha, ufanye testi, ujiandae kwa mtihani, na kama bumu limechelewa, utafute pia namna ya kula. Kwa hiyo mtu akisema “tuongeze kozi moja tu,” ajue kuwa ipo nyingine inayosogezwa ukutani. Mtaala ni kama daladala ya jioni: akipanda mmoja, mwingine hana budi kubaki kituoni.

Safari hii anayeelekea kubaki kituoni ni utafiti wa uwandani, ambao wenyewe tunauita fildi. Mpaka sasa tuna kozi mbili za fasihi simulizi: moja ni ya nadharia, na ya pili kila mwanafunzi anakwenda mahali, anakusanya masimulizi, anayanukuu na kuyachambua. Pendekezo linasema zote mbili ziunganishwe iwe moja, bila safari. Nafasi itakayopatikana ipewe kozi ya uandishi wa maudhui ya kidijiti na nyingine ya ujasiriamali katika sanaa.

Sipendi kuwachora walioleta pendekezo hili kama maadui wa fasihi, la hasha. Hoja zao zina uzito. Kwanza kuna suala la ajira. Tangu mradi wa HEET uanze mwaka 2021, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kauli ya kuhusianisha mitaala na soko la ajira imekuwa ikisikika kila chuo. Mwenzangu tunayelala chumba kimoja anaunga mkono pendekezo kwa mikono miwili. Aliniambia: “Kaka, wewe bibi yako anakusimulia ngano bure. Mimi nataka kozi itakayonilipia kodi ya nyumba.” Sikuwa na jibu la haraka.

Pili, na hili liliniuma zaidi, mhadhiri mmoja alisema wazi kuwa baadhi yetu hatuendi fildi kabisa. Tunakaa hosteli tunajitungia ngano. Alitoa mfano wa ripoti moja ambamo fisi anapanda daladala mpaka Mbagala na kugombana na kondakta kuhusu nauli. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa kuwa namjua mwenye fisi.

Hata hivyo nilitaka kusema jambo kuhusu kozi hii imetoka wapi, na muda wangu wa dakika tatu ukaisha nikiwa bado kwenye salamu. Hebu niliseme hapa.

Mwezi Septemba 1968, katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, lilitolewa pendekezo la kupanga masomo ya Kitivo cha Sanaa na kukuza Idara ya Kiingereza. Yaani jambo la kawaida kabisa, makabrasha kama haya yetu. Tarehe 24 Oktoba wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakajibu kwa waraka wao. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe ndiyo kitovu na Afrika iwe pembezoni. Wakataka Idara ile ivunjwe, mahali pake iwekwe idara ambayo Afrika ndiyo kiini chake, na fasihi simulizi iwe na nafasi ya heshima katika masomo. Wengi tunausoma waraka huo kama tangazo la vita. Tunasahau kuwa ulikuwa maoni ya kikao cha mapitio ya mtaala! Kama siku ile wangesema “haya ni mambo ya ofisi,” sijui leo tungekuwa tunasoma nini.

Lakini kuiingiza fasihi simulizi darasani ni jambo moja, na kutoka kwenda kuisikiliza ni jingine. Mfano mzuri ni ule mjadala wa utendi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitoa kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, kitabu ambacho mpaka leo hakikwepeki. Ndani yake alitilia shaka kama utendi, kwa maana ya shairi refu la kisimulizi, ni utanzu wa kawaida katika bara hili. Si kwamba alikuwa na nia mbaya. Alitazama maandishi yaliyokuwapo akayaona hayatoshi. Isidore Okpewho wa Nijeria alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979. Na kwetu hapa M. M. Mulokozi alijibu kwa njia ya miguu: alikwenda kwa Wahaya, mkoani Kagera, akawasikiliza mafanani wanaoimba tendi huku wakipiga nanga, ile ala ya nyuzi, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Mtu asingeweza kumjibu Finnegan akiwa amekaa maktaba. Tendi zilikuwapo, ila hazikuwa kwenye rafu.

Na utaona kuwa hata nadharia tunayoikariri siku za msuli imetoka huko huko. Mulokozi huyu huyu, katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliainisha tanzu za fasihi simulizi kwa kutazama pia namna zinavyowasilishwa na muktadha wake: nani anasema, kwa nani, wapi, wakati gani. Sisi tunaandika kwenye mtihani “fanani, hadhira, tukio” kama orodha ya vitu vya dukani, tunapata alama, tunaondoka.

Mimi niliielewa orodha hiyo Pangani, likizo ya mwaka jana, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilifika na simu yangu ya kurekodia saa nne asubuhi, nikamwambia anisimulie. Akanitazama kama mtu aliyeomba futari saa ya daku. “Mume wangu, ngano haitolewi mchana. Unataka niote mkia?” Basi nikasubiri. Baada ya Isha, watu wamekula, akaniruhusu. Akatoa ile ngano ya binti aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Zimwi linazunguka vijiji, likipiga ngoma binti anaimba, watu wanatoa chakula. Mwisho linafika kijijini kwa binti, mama anaitambua sauti ya mwanawe, binti anaokolewa. Nikaridhika. Mwisho ule ule niliousoma shuleni.

Kesho yake usiku sauti ya kwanza ilikuwa imeingiliwa na jenereta la jirani, nikamwomba arudie. Akarudia. Safari hii zimwi lilifika, ngoma ikapigwa, mama akaisikia sauti, akasema “nasikia kama mwanangu,” kisha akaendelea kutwanga. Zimwi likaenda zake. Ngano ikaishia hapo. Nikadhani amechoka au amesahau. Nikamuuliza, “Bibi, mbona jana aliokolewa?” Akajibu huku anakunja mkeka: “Jana mama’ako alikuwapo.”

Sikulala mapema. Sitaeleza yaliyoko kati ya bibi na mama, hayahusu gazeti. Ila nilifahamu kuwa mwisho wa ngano ile hauko ndani ya ngano. Uko kwa waliokaa kwenye mkeka. Kitabu cha shule kinatupa mwisho mmoja kwa sababu kitabu hakijui nani anakisoma. Dakika 40 za sauti zilinichukua saa 19 kuzinukuu, maana kuna pumzi, kuna kikohozi, kuna pale bibi anapomfokea mtoto aliyelala, na yote hayo unapaswa kuamua kama ni sehemu ya kazi au si sehemu. Ninaamini saa hizo 19 zilinifundisha uhakiki zaidi ya insha zangu zote za mwaka wa pili.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sawa, lakini hiyo umeshindwa kuiuza.” Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nimeliandika kwenye maoni yangu. Kama shida ni maudhui ya kidijiti, basi yafundishwe uwandani. Mtu akirekodi vizuri, akasafisha sauti, akanukuu, akatafsiri, akaomba idhini ya fanani na kumwandika jina, je, hayo si maudhui? Anayeweza kufanya hivyo ataweza kufanya kazi redioni, kwenye filamu, kwenye makumbusho. Kozi ya maudhui isiyo na kitu cha kutia ndani ni sufuria tupu jikoni. Na ripoti za uongo dawa yake ni kudai sauti pamoja na ripoti. Yule fisi wa Mbagala angeomba kurudi msituni mwenyewe.

Mapendekezo bado hayajafika Bodi ya Kitivo. Maoni ya wanafunzi yanapokelewa kwa maandishi kupitia wawakilishi wa madarasa, na mpaka naandika makala haya nimepokea karatasi saba kutoka darasa la watu zaidi ya mia. Moja kati ya hizo saba inalalamikia choo.

Jambo la mwisho. Baada ya mkutano nilimfuata fundi wetu wa mitambo, nikamwomba anifungulie lile kabati la chuma lililo mwisho wa korido, ambalo siku zote nilidhani lina karatasi za mitihani. Ndani mna kaseti, zimepangwa kama matofali, kazi za fildi za wanafunzi waliotutangulia. Nyingi zina mwaka na wilaya tu. Jina la msimulizi hakuna. Kinasa sauti cha kaseti tuliazima kwa fundi saa mjini.

Tuliyoanza nayo imeandikwa 1991. Lilisikika jogoo, kisha kelele za watoto, kisha sauti ya mzee wa kike. Sisi watatu hatukuelewa hata neno. Fundi akasema huenda ni Kizigua, tukamwita kijana wa mwaka wa kwanza anayetoka Handeni. Akasikiliza ameinamisha kichwa, ghafla akacheka peke yake, akaomba kalamu. Tangu wiki ile huja kila Jumatano mchana baada ya semina. Ameshajaza kurasa nne, na upande wa pili wa kaseti bado hatujaugeuza.