Mwalimu Aliyeomba Radhi

Nilipokuwa mtoto chuoni, hapa Mombasa, mwalimu wetu alimchapa mwenzetu kwa kumwambia, "Maalim, hapo umeruka aya." Sote tulinyamaza. Asubuhi ya pili, kabla hatujafungua juzuu zetu, alimwita yule mtoto mbele yetu. "Mwanangu," alisema, "haki ilikuwa yako. Niwie radhi." Mengi ya chuoni nimeyasahau, lakini hilo ningali ninalo.

Juma lililopita niliwasikia wazee barazani wakilalamika kwamba vijana wameharibika kwa kukosa mawaidha. Mawaidha! Ndugu msomaji, mawaidha yamejaa tele mimbarini, redioni, na siku hizi hata kwenye simu. Adimu ni mtu wa kuigwa.

Imamu Ghazali, mwenye kitabu cha Ihyaa, jambo hili lilimpata mwenyewe. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, akisomesha wanafunzi 300, na sifa zake zimeenea. Akaichunguza nia yake, akaona kwamba anasomesha kwa kutaka cheo na jina. Karibu miezi sita alishindana na nafsi yake, hata ulimi ukafunga asiweze kutoa darsa. Mwishowe akaiacha kazi, akagawa mali yake, ila ya kuwatosha watoto wake, akashika njia ya Sham. Haya hakuzuliwa na hasidi; aliyaandika kwa mkono wake.

Wako wanafalsafa wasioafiki. Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba wema hauchukuliwi kwa kuiga watu, kwani sharti kwanza akili iwe na kipimo cha kumjua huyo mwema. Hoja hiyo ni nzito, sikatai. Lakini mtoto wa miaka saba atakipata wapi kipimo hicho, kama si kwa kumtazama mtu mzima?

Wala simaanishi mtu asiye na kosa. Tukimngoja huyo, vyuo vyote vitafungwa. Ghazali naye alirudi kusomesha, huko Nishapur, mwaka 1106.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga mwanangu kwa saa iliyopotea, kisha nikaiona mfukoni mwa kanzu yangu. Sikumwambia. Nilimnunulia halua, nikadhani nimelipa. Sasa ana watoto wake, yuko Ukunda. Idi hii, inshallah, nitavuka feri niende kwake.