Je, Wajua? Mtoto Anapochora Wingu

Mwambie mtoto wa chekechea achore anga, na mara nyingi utapata jua pembeni na wingu lenye nundu tatu. Usilipite wingu hilo haraka, maana lina mambo!

Kichaka na wingu ni mchoro uleule

Katika Super Mario Bros., mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1985, mawingu ya angani na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi tu. Mchezo mzima ulienea katika kilobaiti 40, pungufu ya picha nyingi tunazotumiana kwa WhatsApp, hivyo mchoro mmoja ukapewa kazi mbili. Mwalimu naye anaweza kufaidi ujanja huo: mtoto akilimudu umbo la wingu, ameshapata kichaka, kichwa cha mwembe, na hata kondoo akimwongezea uso na miguu minne.

Tumbo bapa si kosa

Wingu la katuni huwa bapa chini na lenye nundu juu, na mawingu meupe ya mchana wa jua yako vivyo hivyo! Hewa yenye joto hupanda kutoka ardhini ikiwa na mvuke. Kadiri inavyopanda inapoa, hadi inafika kimo ambacho mvuke hugeuka vitone vya maji, na kimo hicho hakipishani sana kwa wingu zima. Hapo ndipo ulipo ule mstari wa chini. Hewa huendelea kufoka juu yake kwa mafungu mafungu, na mafungu hayo ndiyo nundu. Basi mwanzishe mtoto na mstari ulionyooka, kisha nundu ndogo, kubwa, ndogo. Halafu tokeni nje mchana mkayatazame mawingu yenyewe: mengi yatakuwa yamekatika chini kwa usawa mmoja.

Ndovu 80 wanaelea

Wingu la namna hiyo lenye kilomita moja kila upande hubeba maji yapatayo tani 500, uzito wa ndovu dume zaidi ya 80. Halidondoki kwa sababu maji hayo yamegawanyika vitone vyenye upana wa sehemu 2 tu za mia za milimita moja, na hewa inayopanda huvishikilia. Ili lipatikane tone moja la mvua, vitone kama milioni moja lazima viungane. Mtoto anayechora matone chini ya wingu lake anastahili kuambiwa hesabu hiyo.

Kifundo cha mkono bado ni gegedu

Mtu mzima ana mifupa midogo 8 kwenye kifundo cha mkono. Mtoto anapozaliwa, yote bado ni gegedu laini, na katika picha ya eksirei haionekani kabisa! Hugeuka mfupa mmoja mmoja, na wa mwisho huanza mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 12. Basi mtoto wa miaka mitatu anayebana penseli kwa ngumi nzima si mvivu wala si mkaidi. Mkono wake bado unajengwa. Mpe nafasi kubwa: kijiti na mchanga wa uani, chaki na sakafu, au karatasi ya kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani. Wingu lenye upana wa mkono mzima huchorwa kwa bega, na bega lake tayari lina nguvu. Tabu huanza pale tunapomtaka achore wingu dogo kwenye kona ya daftari.

Duara hutangulia pembetatu

Kwa kawaida mtoto hunakili duara akiwa na miaka 3 hivi, mraba miaka 4, na pembetatu miaka 5. Wingu, ambalo ni mapinde matupu, humfikia mapema kuliko nyumba yenye paa. Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa San Francisco, alikusanya michoro ya watoto inayokadiriwa kufika milioni moja, na katika kitabu chake cha mwaka 1969 akaorodhesha aina 20 za mikwaruzo ya msingi. Milioni moja! Ile inayotupwa kila siku kama uchafu wa karatasi, yeye aliisoma.

Mwanafunzi aliyechorea taifa zima

Mwaka 1974 Mark Allen, mwanafunzi wa sanaa mjini Norwich, Uingereza, alibuni alama za hali ya hewa kwa ajili ya BBC: wingu jeupe, wingu jeusi, matone, jua. Zilibandikwa kwenye ramani kwa sumaku, na michoro hiyo ikadumu kwenye televisheni hadi mwaka 2005.

Wingu linalojitokeza lenyewe

Wingu jeupe kwenye karatasi nyeupe utalichoraje? Kwa mshumaa! Mtoto achore mstari na nundu zake kwa mshumaa mweupe, akikandamiza vizuri, kisha ajaze ndani. Hataona kitu. Sasa apitishe brashi yenye rangi ya maji ya bluu: nta hukataa maji, karatasi hunywa rangi, na wingu hujitokeza palepale. Rangi iwe nyepesi, kwani ikiwa nzito itaifunika nta na wingu halitaonekana.