Mwezi wa luku na mwezi wa viazi

Tuseme umeuza viazi. Lori limefika Ikonda, limepakia, limekwenda zake Makambako. Hela unazo mkononi. Moyoni unasema: "Ngoja ninunue umeme wa miezi mitatu kabisa, kabla hela hazijapotea." Unanunua. Namba zinakuja. Ukiangalia uniti ulizopata, ni chache kuliko ulivyopiga hesabu. Unasema, "Nimeibiwa!"

Hujaibiwa. Ila umepata hasara, na hasara hiyo ungeweza kuikwepa. Umekutana na kitu kinachoitwa muda wa hesabu. Siku hizi mambo ya umeme yanakwenda kwa muda wa hesabu, huku kwetu na huko Ulaya. Kwetu muda huo ni mwezi mmoja. Kwa wenzetu umefupishwa mpaka robo saa. Tuanze na wa kwetu, maana ndio unaogusa mfuko wako leo.

Hesabu ya uniti 75

Bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 ziliwaweka watu wa matumizi madogo ya nyumbani katika kundi la D1. Mtu wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti moja, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza kodi ya VAT, tozo ya umeme vijijini na tozo ya EWURA, inakuwa shilingi 122. Ukivuka uniti 75 katika mwezi huo huo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Pamoja na kodi na tozo hizo ni shilingi 427. Bei imeruka zaidi ya mara tatu!

Sasa turudi kwa mwenye viazi. Nyumbani kwake anatumia uniti 40 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni uniti 120. Amezidisha 120 mara 122, akapata shilingi 14,640. Amelipa zote siku moja. Uniti 75 za kwanza zimekula shilingi 9,150. Zimebaki shilingi 5,490. Hizi zimenunua umeme kwa bei ya 427, nazo zimetoa uniti 13 hivi. Jumla ni kama uniti 88. Uniti 32 hakuzipata.

Angenunua uniti 40 kila mwezi, hela ni zile zile 14,640, lakini angepata uniti zote 120.

Umeona jambo lilivyo? Luku haihesabu umeme unaowasha. Inahesabu umeme unaonunua. Ukinunua leo ukaufungia ndani ya mita kama viazi ghalani, kwenye hesabu umekwisha kuutumia leo. Hapo mkulima anaumia kuliko mwenye mshahara. Mwenye mshahara anapata hela kila mwezi, na hesabu ya luku inakwenda kwa mwezi. Mkulima hela yake inakuja kwa msimu. Mimi naona waliopanga hesabu hii walimfikiria zaidi mtu wa mjini, ingawa uniti 75 za bei nafuu zimetusaidia sana sisi wa vijijini.

Kama hujui uko kundi gani, piga hesabu mwenyewe. Chukua hela uliyolipa, gawa kwa uniti ulizopata. Kama hukukatwa deni wala kodi ya jengo, shilingi 5,000 ya mtu wa D1 inatoa uniti 41 hivi. Ukipata uniti 14 tu, wewe uko kundi la T1, ambalo uniti moja ni shilingi 356 na senti kadhaa. Ukiona uko T1 na matumizi yako ni madogo, nenda ofisi ya TANESCO ukaulize. Chukua na stakabadhi zako.

Kwa nini umeme una haraka

Sasa utauliza: kwani umeme na muda vina uhusiano gani? Viazi navyo vinauzwa, mbona hatuhesabu robo saa?

Viazi vinasubiri. Bei ya Makambako ikiwa mbaya leo, unaweza kuviacha ghalani wiki mbili. Ulanzi hausubiri hivyo. Ulanzi mtamu wa asubuhi, ukiuacha kwenye mbeta mpaka kesho, ni kitu kingine kabisa. Umeme una haraka kuliko hata ulanzi. Unatengenezwa na kutumika wakati ule ule. Ukiwasha taa Ikonda saa moja jioni, wakati huo huo mashine mahali fulani inabeba mzigo wako.

Na saa moja jioni hauko peke yako. Baridi ya Makete unaijua. Huyu anachemsha maji kwa birika la umeme, yule anawasha redio, mwingine anapiga pasi nguo za shule. Njombe hivyo hivyo, Dar es Salaam hivyo hivyo. Wale wanaoongoza gridi ya taifa kutoka Ubungo lazima waagize mashine ziongeze nguvu. Saa nane usiku watu wamelala, mashine nyingine zinapumzishwa.

Sisi tuna bahati moja. Umeme wetu mwingi unatokana na maji na gesi. Bwawa ni kama ghala. Maji ya Mtera yanaweza kungoja mpaka jioni. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, na mwendeshaji anaweza kufungua maji akitaka na kufunga akitaka. Jua na upepo haviamriwi. Wingu likipita, umeme wa jua unashuka papo hapo.

Ulaya wamejenga mitambo mingi sana ya jua na upepo. Ndiyo sababu wamefupisha muda wa hesabu. Zamani katika soko lao la umeme wa kesho waliuziana kwa saa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanahesabu kwa robo saa. Siku moja ina robo saa 96, kwa hiyo siku moja inaweza kuwa na bei 96. Australia walitangulia: Oktoba 2021 walitoka nusu saa wakaingia dakika tano.

Faida yake ni nini? Tuseme umepatana na mtu akuletee magunia kumi Jumatatu na kumi Jumanne. Jumatatu analeta ishirini, Jumanne haleti kitu. Ukihesabu kwa siku mbili, ametimiza ahadi. Lakini lori la Jumanne limekwenda nusu tupu, na hasara hiyo umeibeba wewe. Ukihesabu kila siku, kosa linaonekana na mwenye kosa analipa. Kwenye umeme ni vivyo hivyo. Muda mrefu unaficha upungufu, na gharama ya kuuziba inasambazwa kwa wote. Muda mfupi unaonyesha nani hakuleta umeme aliouahidi.

Mwenye nyumba na bei ya robo saa

Hayo ni ya wauzaji wakubwa. Yanafikaje nyumbani? Yanafika kwa mita janja. Mita hii inaandika umeme uliotumia na saa uliyoutumia, kisha inapeleka habari yenyewe kwa mtandao kama wa simu. Hakuna msomaji wa mita anayegonga mlango. Mwenye mita hiyo, katika nchi zinazoruhusu, anaweza kuchagua bei inayobadilika. Atafua nguo mchana jua likiwa kali na umeme ukiwa rahisi, jioni atajizuia. Mtu mwenye nafasi ya kusogeza kazi zake anapunguza gharama. Mwenye watoto wanaotaka kula saa moja jioni hasogezi kitu.

Hatari nayo ipo. Februari 2021 baridi kali ya barafu iliingia jimbo la Texas huko Marekani. Mitambo ikaganda, umeme ukapungua. Bei ya soko, ambayo kwa kawaida ni senti chache za dola kwa uniti, ikapanda mpaka dola 9 kwa uniti moja. Watu wengi walikuwa na bei isiyobadilika, hawakuiona mara moja. Lakini wapo waliochagua kulipa bei ya soko moja kwa moja. Hao walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Mwaka huo huo sheria ya Texas ikakataza kuwauzia watu wa nyumbani kwa bei ya namna hiyo. Mita janja zenyewe hazikuwa na kosa, zilihesabu sawasawa. Kilichowaumiza ni mkataba.

Hapa Afrika Mashariki bei za saa zipo, ila ni za wakubwa. Uganda, viwanda na biashara kubwa hulipa bei ya juu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, na bei ya chini kuanzia saa 6 usiku mpaka alfajiri. Watu wa nyumbani hawamo katika mpango huo.

Mita zetu zinakwenda wapi

Luku ilianza kwetu miaka ya 1990. Mwaka 2024 wengi wenu mlisumbuka na namba: badala ya tarakimu 20, zilikuja mara tatu. Mafungu mawili ya kuboresha mita, la tatu la umeme. Ilikuwa lazima kumaliza kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Sababu yake ni muda huo huo tunaouzungumza. Kila namba ya luku ina muhuri wa dakika iliyotolewa, na dakika hizo zilikuwa zikihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993. Siku hiyo nafasi ya kuandika dakika ilijaa, kama daftari lililoisha kurasa. Mita za namna hii duniani kote zilipaswa kuanza daftari jipya.

Sasa mita janja zimeanza kufungwa nchini. Ukinunua umeme, unaingia wenyewe kwenye mita, huhitaji kubonyeza tarakimu 20 gizani huku mtoto amekushikia tochi. Hilo ni jema. Na waya nao unasogea. Desemba 2024 gridi yetu iliunganishwa na ya Kenya, na njia nyingine inajengwa kwenda Zambia kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Kusini huko lipo soko la umeme linalouza kwa saa tangu mwaka 2009. Kwa hiyo biashara ya umeme kwa saa haiko mbali na sisi tena.

Lakini mita janja haileti bei ya saa peke yake. Bei hupangwa na EWURA, na kabla ya kuibadilisha wananchi huitwa kutoa maoni. Siku ukisikia wito huo, swali la mkulima lipo wazi: kama mita mpya inajua umeme niliotumia kila siku, kwa nini uniti 75 zihesabiwe kwa ninachonunua na siyo kwa ninachotumia?

Kwa sasa, maji ya chai yakichemshwa robo saa kwa birika la wati 2,000 yanakula nusu uniti, yaani shilingi 61 kwa mtu wa D1, iwe saa moja jioni au saa nane usiku. Uniti 75 ukizigawa kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Andika uniti unazonunua kwenye daftari na tarehe yake. Ikiwa tarehe 27 umekwisha kufika uniti 75, usijaze mita. Nunua kidogo cha kukuvusha, kisha subiri tarehe 1, hesabu ianze upya kwa shilingi 122.