Mama, Mlima Hanang Si Mbali

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezoea tambarare, mashamba ya pamba na migodi; milima mirefu watoto wetu huisoma vitabuni. Hata hivyo Mlima Hanang, wenye mita 3,420, unafikika kwa basi.

Mama wa Geita, tangu Juni 2025 unaweza kuvuka Daraja la Kigongo-Busisi pasipo kungoja kivuko. Kutoka Shinyanga safari hupita Tinde, Nzega, Igunga na Singida, lami tupu hadi Katesh. Laleni hapo. Chukueni kibali na mwongozaji, kwa maana mlima huu ni hifadhi ya msitu, na vijia vya ng'ombe na vya kuni huwapoteza wageni.

Alfajiri iwakute njiani kuelekea msituni, kabla jua halijawa kali. Kupanda na kushuka huchukua kutwa nzima, na maji ya kunywa hubebwa kutoka mjini. Watoto wadogo waishie ukingoni mwa msitu pamoja na baba au shangazi yao.

Lakini lipo jambo lisilofaa kupuuzwa. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha udongo wa mlima huo. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Basi nendeni wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mvua ikinyesha usiku na mwongozaji akisema msipande, msibishane naye. Nauli iliyopotea hutafutwa tena, mtoto hatafutwi.