Kiboksi cha gitaa kisikupoteze namba kwenye bendi

Kama unapiga gitaa la umeme, kile kiboksi kidogo cha kukanyaga kinachotoa milio ya kila aina lazima kishakupitia kichwani. Ukikipata, raha yake we acha tu! Lakini leo tuambizane ukweli: kiboksi hicho hicho kinaweza kukupa namba kwenye bendi, na kinaweza kukurudisha benchi.

Vitu hivi havikuanza jana. BOSS walitoa ME-5 ya kukanyaga mwaka 1988, na mwaka 1990 Zoom wakaleta 9002, ndogo kiasi cha kubandikwa kwenye mkanda wa gitaa. Zamani kila mlio ulikuwa na pedali yake. Sasa zote zimo ndani ya kiboksi kimoja, na hapo ndipo vijana tunapopagawa.

Milio mingi ya kiwandani imetengenezwa kumvutia mtu anayejaribu peke yake dukani. Distoshani imejaa, mwangwi umejaa. Chumbani na hedifoni unajiona mfalme. Jukwaani, penye ridhimu, besi, ngoma na tarumbeta, mlio ule unageuka uji na mwimbaji hasikiki. Kwenye bendi yetu sheria ni moja: mwimbaji akifunikwa, mpiga solo anapumzishwa. Kupumzishwa maana yake Jumamosi hiyo huna mshiko, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za distoshani.

Mimi nafanya hivi. Kwanza nazima kila kitu, nasikiliza gitaa tupu. Kisha naongeza kimoja kimoja. Inaanza kompresa, inayosawazisha nguvu ya vidole. Inafuata distoshani, kidogo tu. Halafu korasi, inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mwisho mwangwi. Ukitanguliza mwangwi kabla ya distoshani, hata marudio yake yatakwaruza, vurugu tupu.

Mwangwi nao una hesabu yake, wala haitaki chuo kikuu. Chukua 60,000, gawa kwa mapigo ya wimbo kwa dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, na hapo marudio yanaangukia sawasawa kwenye pigo. Ukibahatisha, utagombana na mpiga ngoma usiku kucha.

Baada ya hapo hifadhi milio mitatu tu: wa ridhimu, wa solo, na mmoja wa kupamba. Ilinganishe kwenye amplifaya, kwa sauti ya ukumbini, si kwenye hedifoni. Wa solo uzidi kidogo, basi.

Tusisahau adapta. Viboksi vingi vya aina hii vinataka volti 9, hasi ikiwa katikati. Adapta ya redio uliyoikuta sebuleni inaweza kuwa kinyume, ukaunguza kitu ulichokichangia miezi sita. Tazama kwanza mchoro ulio kando ya tundu, ndipo uchomeke.

Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, hakuwahi kukanyaga kiboksi cha namna hii, na mpaka leo gitaa lake linawainua watu vitini. Kwa hiyo mshikaji, vidole kwanza, kiboksi baadaye.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongelea nyuzi. Kwa leo, kazi kwenu!