Bondi au Mshikamano? Dhana ya Upolari wa Molekuli katika Kiswahili cha Kemia

Makala haya yanachunguza namna upolari wa molekuli unavyoelezeka kwa Kiswahili, na hasa utata unaozuka pale neno moja, bondi, linapobebeshwa dhana mbili ambazo wanakemia huzitenganisha. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi za fani hii zimekuwa na marejeo yaliyochapishwa. Hata hivyo, istilahi hupimwa darasani. Katika sekondari za Tanzania, ambako kemia hufundishwa rasmi kwa Kiingereza, mara nyingi ufafanuzi unaoeleweka ni ule wa Kiswahili. Mwanafunzi akielezwa kwamba maji yanapochemka "bondi hukatika", anaweza kuamini kuwa mvuke ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, ilhali ni maji yaleyale.

Chanzo cha upolari ni kwamba atomi hazivuti elektroni kwa nguvu sawa. Katika mizani iliyoasisiwa na Linus Pauling mwaka 1932, oksijeni leo hupewa 3.44 na haidrojeni 2.20. Kwa hiyo, katika maji, elektroni za bondi huelemea oksijeni, nayo hupata chaji hasi kidogo, huku haidrojeni ikibaki na chaji chanya kidogo. Utengano huo ndio dipoli. Istilahi "ncha mbili" ingevutia kwa kuwa ni ya asili, lakini ncha zimekwisha kuzoeleka katika sumaku, na sumaku haihusiki hapa. Neno la mkopo halina deni hilo.

Dipoli za bondi peke yake hazitoshi kuifanya molekuli iwe ya polari; umbo nalo huamua. Kaboni dioksidi ina bondi mbili za polari, lakini imenyooka, hivyo dipoli zake hubatilishana kama timu mbili zenye nguvu sawa katika mchezo wa kuvuta kamba. Maji yamepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, na momenti ya dipoli yake ni debye 1.85.

Utata wenyewe umo katika kani zilizo baina ya molekuli. Molekuli ya salfidi ya haidrojeni ina karibu mara mbili ya uzito wa molekuli ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi -60 za Sentigredi, na maji kwenye 100. Tofauti hiyo hutokana na mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja ya maji na oksijeni ya nyingine, ule ambao kwa kawaida huitwa bondi ya haidrojeni. Kuuvunja huhitaji takriban kilojuli 20 kwa moli. Kuvunja bondi ya oksijeni na haidrojeni iliyo ndani ya molekuli huhitaji takriban 460.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe inatoa njia. Kitenzi ungana huelekea kwenye umoja mpya, kama vijito viunganavyo kuwa mto. Lakini -man- ya shikamana, fungamana na andamana huonyesha vitu vilivyokaribiana huku kila kimoja kikibaki kilivyo. Hivyo ndivyo molekuli za maji zilivyo. "Mshikamano wa haidrojeni" ungefaa, pamoja na kwamba neno hilo limetumika mno majukwaani.

Pingamizi lenye uzito linatoka kwa wanakemia wenyewe. Fasili iliyopendekezwa na IUPAC mwaka 2011 huutambua mvutano huu kuwa na ushahidi wa kuundika kwa bondi, na haukomei kwenye chaji tu. Kwa hiyo katika vitabu vya chuo kikuu "bondi ya haidrojeni" inaweza kubaki, mradi kila inapotajwa iambatane na "baina ya molekuli". Katika vitabu vya sekondari, ambamo mwanafunzi hukutana na mvuke kwa mara ya kwanza, mshikamano ndio utangulie.